Posta za Game of Thrones zilitwambia kila kitu mapema, tatizo ni tulikuwa tunaangalia sura

Kabla hujaendelea, kama hujamaliza tamthilia za Game of Thrones na House of the Dragon simama hapa hapa, nenda kamalizie kwanza ndo urudi. Humu nataja nani kafa na nani kamuua nani, hizi posta huwezi kuzizungumzia ukaviruka vifo.

Haya. Chukua ile posta ya msimu wa kwanza, mwaka 2011. Ned Stark, bwana wa Kaskazini, kakaa kwenye Kiti cha Chuma, yaani kiti cha enzi, nyuma giza, kichwa kimeinama kidogo kama mtu aliyebebeshwa jambo zito, mikono yote miwili iko kwenye upanga. Juu ya kiti katua kunguru. Maneno machache sana, kwamba unashinda au unakufa, basi. Hamna jeshi, hamna farasi, hamna joka, hamna malkia pembeni. Mtu mmoja, kiti kimoja, upanga mmoja.

Mimi nafanya kazi za grafiki, natengeneza mabango na makava ya watu, kwa hiyo picha kama hii siipiti tu hivi hivi. Na kwa miaka yote tangu tamthilia ianze HBO mwezi wa nne 2011 mpaka ilipoisha mwezi wa tano 2019, sijaona posta nyingine ya televisheni iliyosema ukweli mwingi namna hii hadharani na bado watu wakashtuka.

Anza na mikono. Ule upanga unaitwa Ice, ni wa ukoo wa Stark, chuma cha Valyria, mkubwa mno. Kwenye episodi ya kwanza kabisa Ned anautumia kumkata kichwa askari aliyetoroka Night's Watch, walinzi wa Ukuta wa kaskazini, na anafanya hivyo mbele ya watoto wake, halafu anamfundisha mwanawe Bran kwamba anayetoa hukumu ndo anatakiwa aushike upanga kwa mkono wake mwenyewe, na kwenye kitabu anaongeza kwamba kama huwezi kumtazama mtu machoni wakati unamwondolea uhai basi labda hastahili kufa. Hiyo ndo dini ya Ned, haki anayoibeba yeye mwenyewe. Kwa hiyo kwenye posta anavyoushika ule upanga unaona mtu wa haki, unaona hakimu.

Sasa nenda episodi ya 9. Ned amepigishwa magoti mbele ya hekalu la Baelor, umati unapiga kelele, mfalme mdogo Joffrey anatoa amri, na anayekata ni Ilyn Payne, mkata vichwa wa mfalme, na anachokatia ni Ice. Upanga ule ule! Yaani kifaa kilichomuua Ned Stark kilikuwa mkononi mwake kwenye bango lililobandikwa mijini kabla hata episodi ya kwanza haijarushwa. Na angalia kilichobadilika, aliyetoa hukumu siyo aliyeshika upanga, Joffrey kasimama pembeni anatabasamu. Somo lote la episodi ya kwanza limepinduliwa kwa kifaa kile kile. Halafu msimu wa 4 unapofunguka, Tywin Lannister, babu yake Joffrey, anauyeyusha Ice, anatoa panga mbili ndani yake, na ala yake ya ngozi ya mbwa mwitu anaitupia motoni. Kwa hiyo ukirudi kwenye ile posta leo, kila kitu unachokiona pale kilikuja kuharibika. Mtu kakatwa kichwa, upanga umeyeyushwa, na kiti nacho kikayeyushwa mwishoni na moto wa joka Drogon.

Maneno nayo. "Unashinda au unakufa" ni maneno ya malkia Cersei, anamwambia Ned mwenyewe uso kwa uso kwenye episodi ya 7, kwamba ukicheza mchezo wa viti vya enzi hakuna njia ya katikati. Episodi mbili baadaye Ned hayupo. Sasa mtu aliyepanga ile posta kachukua sentensi aliyoambiwa Ned akaibandika kwenye picha ya Ned. Hajaiweka kwa Cersei aliyeisema. Mpaka leo nikifikiria hapo nasisimka, maana mtazamaji wa 2011 anamjua Sean Bean, muigizaji wa Ned, anaona ndo jina kubwa kuliko wote, kawekwa katikati, kakalia kiti, akili inamwambia huyu ndo mshindi, kwa hiyo anasoma "unashinda" halafu ile nusu ya pili anaichukulia kama ya maadui.

Kuhusu kunguru niseme kidogo. Kwetu Dar kunguru ni mwizi wa samaki, ndege wa jalalani, hamtishi mtu. Ndege wa kutisha kwetu ni bundi, akilia juu ya bati usiku bibi lazima aamke afukuze. Kwa hiyo Mbongo anaweza kumuona yule ndege pale juu akadhani ni pambo. Westeros, nchi ya hadithi hii, mambo ni tofauti, kunguru ndo wanabeba barua, na wana msemo wao kwamba mabawa meusi huja na maneno meusi. Kunguru akitua ujue habari mbaya imefika. Na yeye katua juu ya kiti alichokalia Ned.

Kitu kingine watu hawakipi uzito ni kile kiti chenyewe. Kile siyo fanicha, ni mhusika, na ukifuatilia mabango yote toka mwanzo utaona chenyewe ndo staa. Hadithi yake ni kwamba Aegon Mshindi alikusanya panga za maadui zake walioshindwa na joka lake Balerion akaziyeyusha. Watu wa Westeros wanasema panga elfu moja. Littlefinger, mjanja wa ikulu, msimu wa 3 anakuja kusema hapana, hazifiki hata mia mbili, amezihesabu. Ile scene naipenda sana kwa sababu inakwambia hata ukubwa wa kiti ni uongo wanaokubaliana wote. Lakini kwa jicho la grafiki ni kazi nzuri mno, panga zimetawanyika nyuma ya mgongo kama miale, ukikaa pale zinakuzunguka kichwa kama taji, na hapo hapo ni vyuma vya kukata. Heshima na hatari ziko kwenye mstari mmoja wa mchoro. Huhitaji kuongeza kitu. Hata ukifanya kivuli cheusi tupu cha kile kiti, mtu anajua ni nini.

George R. R. Martin mwenyewe, aliyeandika vitabu, alishasema kiti cha kwenye televisheni sicho alichokuwa nacho kichwani, cha kwake ni kikubwa kupindukia, kibaya, hakina ulinganifu, na mchoro uliokaribia zaidi ni wa Marc Simonetti. Namuelewa. Ila kwa posta, samahani kwa wapenzi wa vitabu, kile kidogo cha HBO ndo kinafanya kazi, maana kina umbo moja safi ambalo linasomeka hata kwenye kioo cha simu ya bei rahisi. Kile cha Simonetti ni mlima wa vyuma, mtu akikaa juu yake anakuwa kama sisimizi, sura huioni tena.

Sasa ruka mpaka mwisho wa mwezi wa pili 2019. Msimu wa 8 unakuja, dunia nzima inabishana nani atakalia kiti, na HBO wanatoa mabango ya wahusika kwa mkupuo. Wote wamekaa kwenye Kiti cha Chuma. Wote! Jon, Daenerys, Cersei, Tyrion, Sansa, Arya, Bran, Brienne, Davos, Sam, Missandei, Grey Worm, Varys, mpaka Night King, mfalme wa wafu, kakaa pale na macho yake ya bluu. Mkao unafanana, fremu inafanana, mwanga unafanana. Mitandaoni watu wakawa wanazuum mikono, wanazuum nguo, wanatafuta nani kapewa mwanga zaidi ya mwenzake ili wajue mshindi.

Kwa maoni yangu jibu halikuwa kwenye tofauti za zile picha, lilikuwa kwenye kufanana kwake. Ukimkalisha kila mtu kwenye kiti kimoja, kiti kinapoteza maana. Mwaka 2011 kukaa pale kulikuwa jambo zito, mtu mmoja tu ndo alipewa. 2019 anakaa Davos, anakaa Missandei, anakaa hadi maiti kutoka kaskazini ambaye hata shida na ufalme hana. Kile kiti kinakuwa benchi. Na hadithi ikaenda hivyo hivyo. Night King akafa episodi ya 3, kisu cha Arya. Missandei akakatwa kichwa. Varys akachomwa moto. Daenerys aliyekiota kile kiti maisha yake yote anafika mbele yake, anakigusa kwa mkono, anageuka, na anauawa na Jon hajakikalia hata sekunde moja. Kwenye ule msimu aliyekuwa anakishikilia kiukweli ni Cersei peke yake, na yeye akafia chini ya kifusi na kaka yake. Halafu anakuja Bran anapewa ufalme, na wakati anaupewa, kiti hakipo tena, ni uji wa chuma sakafuni. Picha pekee ya mfalme Bran akiwa kwenye Kiti cha Chuma ni ile posta.

Hiyo ndo sababu nasema mabango ya msimu wa 8 yalikuwa na akili kuliko maandishi ya msimu wenyewe. Wengi wana hasira na zile episodi za mwisho na mimi pia nina yangu, haraka ilikuwa nyingi, Daenerys alistahili muda zaidi wa kugeuka. Lakini wazo kwamba kiti ndo ugonjwa, siyo nani anakikalia, lilishakamilika kwenye zile picha kabla episodi hata moja haijatoka. Kampeni yenyewe iliitwa "Kwa Ajili ya Kiti", wakaenda kuficha viti sita vya chuma sehemu mbalimbali duniani watu wavitafute, na mashabiki wakawa wanapanda milima kwenye theluji ili wapige picha wamekaa. Kila mtu anataka kukaa, na hiyo ndo ilikuwa pointi.

Posta ninayoiheshimu kuliko zote kwa upande wa ufundi ni ya msimu wa 3, mwaka 2013, na humo hamna mtu kabisa. Ni kivuli cha joka tu. Na walifanya kitu kikubwa zaidi, mwezi wa pili mwaka huo walinunua kurasa mbili ndani ya gazeti la New York Times, wakaweka maandishi yanayofanana na habari za kawaida, halafu juu yake kikapita kivuli cha joka lenye mabawa yaliyotanda kurasa zote mbili. Msomaji yuko zake anafunua gazeti la asubuhi, ghafla kama kuna kitu kinapita juu ya kichwa chake. Unajua kwa nini inafanya kazi? Kwa sababu kivuli kinakuweka wewe ndani ya picha. Joka likiwa limechorwa kwenye karatasi, liko kule na wewe uko huku. Kivuli kikiwa kwenye karatasi maana yake joka liko upande wako, juu yako, na jua liko nyuma yake.

Na kumbuka wakati ule majoka ya Daenerys yalikuwa bado madogo, hayajafikia hata robo ya yale yaliyokuja kuchoma miji. Kivuli kilikuwa kinatangaza ukubwa ambao bado haujafika. Ndani ya msimu huo huo tukaona Astapor, mfanyabiashara wa watumwa anadhani kanunua joka kwa mnyororo, Daenerys anasema dracarys, amri ya joka kutema moto, na mji unabadilika kwa sekunde chache. Kivuli kilitangulia, mwili ukafuata. Kwa gharama ya wino mweusi tu.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo kwa sababu ya kazi yangu. Mteja wa filamu ya hapa nyumbani akija anataka sura saba kwenye kava moja, kila mwigizaji aonekane, mwenye pesa aonekane zaidi, bunduki iwepo, gari liwepo, mtu analia awepo, jina liwe la njano lenye moto. Ukimwambia kaka tuweke kitu kimoja tu, mlango uliofungwa, au kiatu cha mtoto, anakuona unataka kumpunja. Namuelewa pia, anajua mnunuzi anachagua haraka, anataka amuone anayempenda. Lakini kava likiwa na vitu vyote mtu hana cha kukumbuka. Msimu wa 3 wa Game of Thrones ulikuwa na waigizaji kibao maarufu na wakathubutu kuwaacha wote nje ya bango.

Misimu mingine naipita haraka. Wa 4 walitumia kauli ya valar morghulis, kwamba binadamu wote lazima wafe, wakaibandika kwenye kila sura, na kweli Joffrey akaondoka episodi ya 2 na Tywin akafuata mwishoni. Wa 5 ni Tyrion anatazamana na joka, nzuri kwa macho ila haikunipa cha kufikiria. Wa 7 moto na barafu vinazungukana, sawa, tumeelewa, hiyo iko hadi kwenye jina la vitabu, A Song of Ice and Fire.

Ila wa 6 lazima nisimame kidogo. Jon Snow alichomwa visu mwishoni mwa msimu wa 5, mwezi wa sita 2015, na muigizaji mwenyewe Kit Harington akawa anaambia watu kwamba kafa, amemaliza, harudi. Mwezi wa 11 HBO wakatoa posta. Uso wa Jon, damu, na neno moja tu, Aprili. Hawajasema yuko hai. Hawajasema kafa. Damu peke yake inasema kafa, uso kuwekwa mbele kama uso wa msimu unasema yuko hai, na posta imeshikilia yote mawili kwa wakati mmoja bila kudanganya hata kidogo. Muigizaji alilazimika kuja kuomba radhi baadaye kwa uongo wake. Bango halikuwa na cha kuombea radhi. Mchawi Melisandre akamfufua episodi ya 2.

Msimu huo huo wakatoa pia ile ya ukumbi wa sura, ule wa mji wa Braavos anakofundishwa Arya, ukutani kumejaa nyuso za marehemu. Wakaweka Ned, Catelyn, Robb, Joffrey, na katikati yao wakachanganya waliokuwa bado wanapumua. Hiyo ni jeuri. Unamtafuta unayempenda na ukimpata hufurahi, maana kule ukutani wanakaa wafu.

Tukija House of the Dragon, ile tamthilia ya mababu wa Daenerys, mambo yanahamia kwenye rangi. Kijani na nyeusi. Na hii haikutungwa na watu wa matangazo, imetoka ndani ya hadithi, episodi ya 5 ya msimu wa kwanza, Rhaenyra, binti wa mfalme na mrithi wake, yuko kwenye sherehe ya harusi yake, mfalme anahutubia, mara Alicent, mke wa mfalme, anaingia amechelewa, gauni la kijani toka shingoni mpaka chini, ukumbi wote unasimama. Larys, mtu wa ikulu, anamuuliza kaka yake kama anajua mnara wa Hightower, ukoo wa Alicent, unawaka rangi gani wakati mji wao wa Oldtown unaita watu wake vitani. Kijani. Gauni lilikuwa tangazo la vita na baba wa watu bado anaendelea na hotuba. Kwa hiyo walipofika msimu wa 2, 2024, wakatoa trela mbili siku moja, moja ya Weusi, upande wa Rhaenyra, na moja ya Kijani, upande wa Alicent, na kauli kwamba wote lazima wachague, kazi ilikuwa imeshafanyika. Mtanzania haihitaji maelezo hiyo, sisi ni watu wa Simba na Yanga, tunajua rangi ya shati inavyoweza kumaliza mazungumzo kabla hayajaanza. Grupu langu la WhatsApp liligawanyika ndani ya jioni moja, watu wakabadilisha picha za profaili, kuna waliokuwa wanatetea Aegon, mtoto wa Alicent, ambaye hata wao hawampendi, ilimradi tu wameshachagua kijani.

Kuna kitu kinanisumbua kwenye ile kampeni lakini. Rangi mbili zilizokaa sawa sawa zinafanya vita ionekane mechi, upande huu na upande ule, wakati hadithi yenyewe ni familia moja inajichinja na kuua majoka yake yenyewe. Ukivaa rangi unasahau kuwahesabu watoto.

Ndo maana narudi kwa ile posta ya mwanzo ya House of the Dragon, ya 2022, ambayo watu wengi wameshaisahau. Rhaenyra kasimama mbele, joka liko nyuma yake, na maneno yanasema moto utatawala. Soma vizuri. Hawajasema Rhaenyra atatawala, hawajasema Targaryen, ukoo wake, watatawala. Moto. Tulivyomuona binti wa kifalme na joka lake tukajaza wenyewe kwamba moto ni wake, kwamba yeye ndo ameushika. Halafu inakuja episodi ya 10, mvua na mawingu juu ya ngome ya Storm's End, Aemond, mtoto wa Alicent, juu ya joka lake Vhagar anamkimbiza Lucerys, mtoto wa Rhaenyra, amtishe tu. Arrax, joka la Lucerys, anatema moto bila kuambiwa na Lucerys. Vhagar anakasirika, Aemond anavuta kamba anapiga kelele hapana, hapana, Vhagar, nisikilize, na Vhagar hamsikilizi, anamtafuna mtoto na joka lake pamoja. Vita nzima inawaka kwa jambo ambalo hakuna binadamu hata mmoja aliyeliamuru, na lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango tangu kabla msimu haujaanza.